Juu ya Vijana Wetu na Mafunzo ya Vyama

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya neno moja ambalo wazazi wengi wa Iringa na wa Mbeya wanatuuliza, tena wanatuuliza kwa sauti ya chini, kama watu waogopao kusikiwa na jirani. Neno lenyewe ni hili: kijana akiitwa na chama cha siasa kwenda kambini kufundishwa, je, ni halali mzazi amruhusu? Na sisi tulio wachungaji na wazee wa sharika, tukiombwa kumwandikia barua ya kumtambulisha, je, tuandike au tukatae?

Wako wasemao ya kwamba hili si shauri la kusumbua vichwa, maana kijana ni mtu mzima na aende apendako. Sisi hatuoni hivyo. Mtu akimchukua mtoto wa mwenzake mwenye miaka 19 au 20, akakaa naye siku nyingi mahali pamoja, akamfundisha lipi la kusifu na lipi la kuchukia, yuko nani wa kumwita ndugu na nani wa kumwita adui, mtu huyo amekabidhiwa kitu kikubwa kuliko shamba au ng'ombe. Shamba likiharibiwa mwaka huu laweza kulimwa tena mwaka ujao. Kwa hiyo swali la wazazi ni swali la haki, nasi yatupasa kulifikiri polepole.

Kwanza tueleze majina, kwa sababu majina ya siasa yamepinduka katika nchi yetu. Huko Ulaya kuna vyama viitwavyo vya wahafidhina, na neno hili latoka katika hifadhi, yaani ni watu wapendao kutunza yaliyorithiwa wasiyabomoe kwa haraka. Mwaka 1983 vyama vya namna hiyo, pamoja na ndugu zao wa siasa za kati, vilikutana London vikaunda umoja wa mataifa mengi. Bibi Thatcher wa Uingereza na Bwana Kohl wa Ujerumani walikuwa miongoni mwa walioanzisha. Chama chetu cha Chadema, kilichoanzishwa 1992 na Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, kimo katika umoja huo. Basi mgeni akiuliza, "Vijana wahafidhina wa Tanzania ni akina nani?" atajibiwa ya kuwa ni vijana wa Chadema, walio katika baraza liitwalo BAVICHA. Lakini hao ndio wanaodai katiba mpya! Nao vijana wa chama kijiitacho cha Mapinduzi, yaani UVCCM, ndio wafundishwao kulinda yaliyopo, maana chama chao, pamoja na TANU iliyokizaa, kimeshika serikali tangu 1961. Mwanamapinduzi analinda, na mhafidhina anataka kugeuza. Wala hatuwacheki. Twasema tu ya kwamba swali letu lawahusu wote wawili sawasawa, kwa kuwa kila mmoja wao anadai ya kwamba yuko kitu cha thamani cha kuhifadhi, naye anawaita vijana wetu waje wakihifadhi pamoja naye.

Nao huitwa kweli. Katika wilaya ya Iringa pana chuo cha Ihemi, ambacho ni mali ya Umoja wa Vijana wa CCM, na vijana wengi wamepita pale kufundishwa uongozi. Kule Kibaha, mkoa wa Pwani, shule ya uongozi iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa Februari 2022. Hiyo ni ya vyama sita vilivyopigania uhuru, yaani CCM yetu, ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia na ZANU-PF ya Zimbabwe, na msaada wa kuijenga ulitoka kwa Chama cha Kikomunisti cha China. Kwa upande wa pili, Chadema imepata kusaidiwa katika mafunzo na shirika la Konrad Adenauer la Ujerumani, lililo na udugu na chama cha CDU cha huko. Basi Mchina kwa huyu, Mjerumani kwa yule. Hatusemi ya kwamba ni vibaya kusaidiwa. Sisi wenyewe baba zetu walifundishwa kusoma na wageni kutoka Ujerumani, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini apikaye ugali huwa na neno katika mazungumzo ya mezani, na kijana yapasa alijue neno hilo kabla ya kunawa mikono.

Serikali nayo imeliona jambo hili kuwa zito. Mwaka 2019 Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ilirekebishwa, na tangu hapo taasisi yo yote, ya ndani au ya nje, itakayo kukifundisha chama elimu ya uraia hupaswa kumpasha habari Msajili wa Vyama siku 30 mbele, na kumweleza ni mafunzo gani na ni watu gani watakaofundishwa. Mtu aweza kuona hapo ulinzi. Mwingine aweza kuona kamba. Sisi twaona ya kwamba hakuna atungaye sheria juu ya kitu kisicho na nguvu.

Tena yako yaliyotokea Mbeya, ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Tarehe 12 Agosti 2024, iliyo siku ya vijana ya dunia nzima, BAVICHA walitaka kukusanya vijana wao mjini Mbeya. Polisi wakakataza, wakisema ya kuwa mkutano ule ulikusudiwa kuleta fujo kama ile iliyotokea Kenya mwezi wa Juni mwaka uleule, Chadema wakakana. Vijana walikuwa wamekwisha kupanda mabasi kutoka mikoa ya mbali. Wengine walisimamishwa njiani, wengine walikamatwa walipofika, na viongozi wao wakubwa pamoja nao, akina Tundu Lissu na Joseph Mbilinyi. Hesabu ya waliokamatwa ilipita 500, kisha wakaachiliwa. Kwa siku zile nyumba nyingi za nchi hii zilikuwa na mama aliyeketi na simu mkononi. Mama huyo hakuwa na hoja ya kisiasa. Alitaka kujua mtoto yuko wapi.

Kwa ajili ya mambo kama hayo wako wazee wasemao, "Tukataze kabisa. Siasa ni matope, na mtoto mweupe asitiwe humo." Twawaheshimu, walakini hatukubaliani nao. Je, shule hujengwa na nani? Bei ya mahindi ya Mbozi na ya chai ya Mufindi hukatwa wapi? Mambo hayo yanaamuliwa na watu, na watu hao walifundishwa mahali fulani. Tukiwazuia vijana wema wasifundishwe, nafasi zile hazitakaa tupu, zitajazwa na wengine. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya misheni ya Pugu hata 1955, ndipo alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na TANU, akachagua TANU. Angezuiliwa na wazee wake, je, tungewasifu leo wazee hao? Tena tusijifanye ya kuwa sisi tulio ndani ya kanisa hatuna siasa. Wenyeji wa Konde wanakumbuka jinsi shauri la kuhamisha makao makuu kutoka Tukuyu kwenda Mbeya lilivyowagawanya Wakristo hata mwaka 2022, na maneno yaliyosemwa siku zile yasingependeza katika kambi ya chama cho chote.

Wako wengine walio kinyume cha hao, nao husema, "Mpelekeni mapema, maana samaki mkunje angali mbichi." Methali hii twaisikia kila mahali yanapotajwa mafunzo ya vijana, hata kwa walimu, hata kwa wahubiri. Lakini ndugu, mmepata kuifikiri vizuri? Samaki hukunjwa kwa ajili ya nani? Hukunjwa ili aenee katika chungu, na kisha aliwe. Hakuna faida apatayo samaki kwa kukunjwa kwake. Basi tukimlinganisha kijana na samaki, yatupasa tuseme wazi ya kwamba tunamwandaa kwa ajili ya mlaji.

Hapa ndipo penye uzito wa shauri lote. Babu zetu wa nyanda hizi wanajua kazi ya kuandikishwa. Katika siku za wakoloni mawakala walikuja Iringa, Njombe na Tukuyu kutafuta watu wa kwenda kukata mkonge huko Tanga na kwingineko, na watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Walipewa blanketi na posho, wakahesabiwa, wakasafirishwa. Hakuna aliyemwuliza namba fulani aonaje juu ya shamba la mkonge. Leo tukiona basi limejaa vijana waliovikwa fulana za rangi moja, wamepewa posho, wamehesabiwa, wanapelekwa wasikokujua ili wapige makofi kwa maneno wasiyoyaelewa, twawakumbuka manamba. Tofauti moja iko: manamba alijua ya kwamba anauza nguvu za mikono yake tu. Huyu anauza na sauti. Na vijana wenyewe, ambao kwa kutunga maneno hawana mpinzani, wamekwisha kumpa jina mwenzao aliyefika mwisho wa njia hiyo, aishiye kwa kumsifu mkubwa, wanamwita chawa. Jina ni kali, lakini hatukulitunga sisi.

Basi kama kukataza si haki, na kumtoa akakunjwe si haki, tufanyeje? Kwanza tuwaangalie vijana wengine waliopelekwa kufundishwa katika nyumba isiyo yao. Habari ya Danieli na wenzake watatu twaijua sote, lakini mara nyingi twaiharakia tufike penye tanuru na penye simba. Tusimame kidogo mwanzoni. Walichukuliwa wangali vijana, wakawekwa katika mafunzo ya miaka mitatu, wajifunze maandiko na lugha ya Wakaldayo, ili mwisho wake wamtumikie mfalme. Majina yao yalibadilishwa. Nao hawakuikataa shule ile. Walisoma, tena walisoma vizuri kuliko wote. Jina jipya walilichukua. Walilolikataa lilikuwa chakula cha mezani kwa mfalme, yaani, kwa lugha ya leo, posho. Tena hawakukataa kwa kelele. Walimwomba msimamizi awajaribu siku 10. Twaona hapo hekima kubwa. Aliyejizoeza kusema hapana mezani, penye jambo dogo, aliweza baadaye kusema hapana mbele ya sanamu. Kijana ambaye kambini hajapata kukataa hata soda, siku atakapoagizwa kumpiga mtu fimbo ataanzia wapi kukataa?

Kwa hiyo hatuulizi kwanza ni chama gani kilichomwita kijana. Twauliza kama mafunzo hayo yanampa nafasi ya kuuliza na kukataa, au yanamwondolea. Na swali hili lina ndugu yake, ambalo kwetu ni kubwa zaidi: je, anayefundisha ana nia ya kukabidhi?

Tueleze. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na desturi ambayo wataalamu wa mataifa wamekuja kuisoma. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa huko katika miaka ya 1930, na kitabu chake kilichotoka 1951 kimeifanya ijulikane mbali. Mtoto wa kiume alipofika kama miaka 10 aliondoka katika nyumba ya baba yake, akajenga na rika lake vibanda vyao pembeni, kikawa kijiji cha vijana. Walikula kwa mama zao, walilima mashamba ya baba zao, lakini walilala na kuzungumza kwao wenyewe. Wakaoa, wakakaa humo na wake zao. Na kitu kilichosifiwa kuliko vyote katika maisha yale kiliitwa ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa uzuri, kula na kunywa pamoja, kubishana kwa maneno mema, kumsikiliza mwenzako amalize, kusema vizuri mbele ya watu. Mtu asiyekaa na rika lake alihesabiwa kuwa hajui kitu. Yaani walijifunza siasa kwa maana ile ya zamani ya neno hili. Maana wazee wa pwani walipomwambia mtu afanye kwa siasa, walitaka kusema afanye kwa upole na kwa utaratibu.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Ilipokuwa rika lile limekomaa, wakubwa wao wakiwa kama na miaka 30 na zaidi, ilifanywa sherehe kubwa iitwayo ubusoka, maana yake kutoka. Hapo wazee waliwakabidhi wana utawala wa nchi. Machifu vijana walisimamishwa, wakuu wa vijiji wakachaguliwa na wakuu wa zamani, miti ikapandwa kuwa ukumbusho, mioto ya zamani ikazimwa na moto mpya ukapekechwa na kugawanywa. Wazee walisogea upande, wakabaki na mambo ya ibada na mashauri. Si kwamba walipenda. Ni nani apendaye kusogea? Lakini siku ilijulikana, nao waliokuwa wakifundisha vijana walifundisha wakijua ya kwamba siku ile yaja.

Hatusemi ya kwamba yote ya desturi ile yalikuwa mema. Wasichana hawakuwa na kijiji chao, wala hakuna aliyewauliza neno. Wazee walijiwekea ng'ombe, na kwa hiyo wake, vijana wakangoja. Hofu ya uchawi ilikuwa nyingi, nasi tulio wachungaji twajua masalio yake. Lakini katika jambo hili moja walitupita: hawakumfundisha kijana uongozi bila kuweka siku ya kumpa uongozi. Na sisi twasema wazi ya kwamba kumfundisha mtu kazi ambayo huna nia ya kumwachia, huku ukiyala matunda ya kuingojea kwake, ni kumtumia. Neno hili latosha kuzipima kambi zote, za kijani na za rangi nyingine. Kijana ameimba miaka 10, amebandika picha, amelala juu ya magari, amepigwa na jua la mikutano, naye akiuliza juu ya nafasi ya udiwani katika kata yake, aambiwa, "Vijana ni taifa la kesho." Kesho gani? Aliambiwa hivyo baba yake pia.

Mhafidhina wa kweli, tukilitumia neno lile la Ulaya, angepaswa kuwa wa kwanza kuona jambo hili, kwa maana kitu kisichokabidhiwa hakihifadhiki. Fuvu la Mkwawa lilihifadhiwa Ujerumani miaka mingi, halafu likarudishwa Kalenga 1954. Lakini heshima ya Mkwawa haikukaa katika sanduku miaka yote ile, ilikaa katika vinywa vya Wahehe waliowasimulia wana wao. Hivyo ndivyo vitu vinavyodumu.

Mtu atasema, "Lakini vijana wakikabidhiwa mapema huharibu, nao wenyewe hawataki taabu, wataka vyeo." Neno hilo lina ukweli, nasi hatutaki kuwabembeleza vijana. Tukumbuke Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamuru wasomi wote waingie Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963, kwa miaka miwili, na katika sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mishahara yao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaandamana mpaka Ikulu, wakasema ya kwamba miili yao itakwenda lakini mioyo haitakwenda. Mwalimu Nyerere akakasirika sana, akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Lakini alifanya na jambo la pili, ambalo wasimuliaji wengine hulisahau: palepale alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi twaona ya kwamba kufukuza kulikuwa kukali kupita kiasi, maana mwanafunzi aliyesema wazi neno la moyoni mwake afadhali kuliko anyamazaye na kuchukia. Ila kuhusu mshahara, hapo twainamisha vichwa. Alilolitaka kwa vijana alilianza mwilini mwake. Mzazi anayetaka kujua thamani ya mafunzo ya Ihemi, au ya Kibaha, au ya semina ya hotelini mjini Mbeya, na aulize ni nini alichojinyima yule afundishaye.

Laiti ingekuwa hayo tu! Liko na shauri la utii, na hapa dhamiri huingia moja kwa moja. Kila chama hufundisha utii, na bila utii hakuna kazi ya watu wengi inayotimizwa. Hata kwaya huharibika kama kila mtu ataimba lake. Lakini yako mambo ambayo mtu hawezi kumwazima mwenziwe. Vyama vyetu vilikuwa na vikosi vya vijana vya ulinzi, wa kijani kwa CCM, wekundu kwa Chadema, nao walivifundisha vijana kukwepa na kupiga. Marekebisho yale ya 2019 yamekataza chama cho chote kuunda vikosi vya namna hiyo, na katika hili twaisifu sheria. Walakini sheria haiwezi kufika palipo na ulimi. Kijana aagizwaye kusambaza kwa simu neno la uongo juu ya mgombea wa upande wa pili, akijua ni uongo, hatendi kosa la chama. Anatenda la kwake, wala hakuna mwenyekiti atakayelibeba kwa niaba yake. Edmund Burke, mwenyeji wa Ireland ambaye wahafidhina wa Uingereza humheshimu kama babu yao, aliwaambia wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 ya kwamba mbunge anawaibia watu wake ikiwa ataitupa akili yake ili awapendeze. Katika miaka iliyofuata alisimama na maoni yake wasiyoyapenda, na 1780 akakipoteza kiti kile cha Bristol. Tungependa kujua kama habari hii husimuliwa katika semina wanazofanyiwa vijana wetu na marafiki wa Ulaya, au kama wao husimuliwa habari za washindi tu.

Sasa mtatuambia ya kwamba baada ya yale ya 2025 maneno haya yamepitwa. Chadema haikuwamo katika uchaguzi ule, maana Tume ya Uchaguzi iliiondoa mwezi wa Aprili kwa kutotia sahihi kanuni za maadili, naye Tundu Lissu akashtakiwa kwa uhaini. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, ghasia ziliwaka katika miji mingi, Mbeya ikiwamo. Intaneti ikazimwa, na watu walikufa, wengi wao vijana. Hesabu yao inabishaniwa, nasi hatutaiingia. Wengi wa vijana waliotoka barabarani siku ile hawakuwa wamepita katika kambi yo yote ya mafunzo. Hakuna aliyewafundisha wala kuwaongoza, wala hawakuwa na mtu wa kusema naye. Kwa maoni yetu hilo halifuti swali letu, bali lalizidishia uzito. Vijana waliokosa mahali pa kubishana kwa maneno walikutana na serikali barabarani, na barabara si mahali pa maneno.

Kwa hiyo wazazi wanaotuuliza twawajibu hivi. Mwache aende, ikiwa ni mtu mzima na ametaka mwenyewe. Kabla hajaenda, kaa naye jioni moja, mkiulizana ni nani anayelipa, ni siku ngapi, watalala wapi, na hasa kwa mabinti, ni nani wa kike atakayewaangalia. Mwulize ni jambo gani ambalo hatalifanya hata akiagizwa. Mwache afikiri. Akijibu haraka ya kwamba hakuna, basi hajawa tayari kwenda, wala mzee mwenye haki asiamini ya kwamba amepata askari mzuri kwa kumpata huyo.

Na sisi wa usharika, barua ya kumtambulisha twaiandika, kwa kijana wa CCM na kwa wa Chadema na kwa wa chama kingine cho chote, kwa karatasi ileile na muhuri uleule. Ila ndani yake twatia neno moja: kwamba kijana huyu anatazamiwa nyumbani Jumapili fulani, ili baada ya ibada aketi na rika lake la usharika, lenye watu wa vyama vyote na wasio na chama, awaeleze aliyofundishwa, wamwulize maswali, naye awajibu. Wako walioalika vijana ambao hawakupendezwa na neno hilo, wakaomba waandikiwe barua nyingine isiyo nalo. Hiyo hatuiandiki.